Nani husema kanisani, na kwa lugha gani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeviweka vifungu viwili bega kwa bega. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Ijapokuwa ni majirani, aghalabu vifungu hivi husomwa na kufundishwa kana kwamba havijuani. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba uhuru wa kuabudu ni ruhusa ya kwenda kanisani bila kuzuiwa na serikali, na kwamba uhuru wa kusema ni jambo la magazeti, bunge na mikutano ya hadhara. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, huyo aliyeruhusiwa kwenda kanisani, akishafika huko, huruhusiwa kusema?

Swali hili si la kejeli wala la uchokozi. Kwa wananchi wengi wa nchi hii, ibada ndiyo hadhara ya pekee wanayohudhuria kila juma, tangu utotoni hadi uzeeni. Mkulima wa mahindi wa Cheptiret yamkini hatasimama bungeni hata siku moja, wala hatamwandikia mhariri barua. Lakini Jumapili atakuwa kanisani, yeye na jamaa yake. Mtu wa namna hiyo akinyamazishwa kanisani, amenyamazishwa kila mahali.

Nimeitaja Cheptiret kwa makusudi. Ni kituo cha biashara kilichoko kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru, mahali inapochepuka njia ya kwenda Kesses na Chuo Kikuu cha Moi. Mwanafunzi wa isimu atakaye kuona lugha zikikutana hana haja ya kusafiri mbali zaidi ya hapo. Kinandi ndicho kinachosikika zaidi mashambani. Wapo pia Wakenya wanaosema Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo, waliofika kwa kununua mashamba, kwa kazi au kwa biashara. Kiswahili hutawala sokoni na kwenye matatu. Kiingereza huletwa na shule pamoja na chuo kikuu. Jumapili asubuhi lugha hizi zote huingia kanisani pamoja na wenyewe, ila hazikalishwi katika viti vya heshima sawa.

Tukizungumza juu ya uhuru wa kujieleza katika ibada, watu wengi hufikiri habari za kelele. Husema kanisa fulani lina uhuru kwa kuwa watu wake hupiga makofi, huruka, hulia na kucheza. Na kwamba kanisa jingine halina uhuru kwa kuwa watu wake huketi kimya na kufuata kitabu cha sala. Kipimo hicho hakitoshi. Watu mia tano waweza kupiga kelele kwa pamoja na asiwepo hata mmoja aliyesema lililo lake. Naona ni heri tuulize maswali matatu, ambayo ndiyo yale yale tunayoyauliza katika isimu-jamii: nani anasema? Anasema kwa lugha gani? Na anaweza kusema nini bila kuogopa?

Lugha inayopanda na kushuka

Tuanze na lugha. Hadi mwanzo wa miaka ya 1960, Mkatoliki wa Afrika Mashariki alisali Misa kwa Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati juu ya liturujia, na mlango ukafunguliwa kwa lugha za watu kutumika altareni. Kabla ya hapo walikuwapo Waafrika waliokwisha kuanza kuubisha mlango huo. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina huko Kongo, ikiongozwa na padre wa Kibelgiji Guido Haazen, iliimba Missa Luba, yaani maneno ya Kilatini katika mahadhi ya Kikongo. Nchini Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alifanya utafiti juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akachapisha kitabu chake mwaka 1963. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha utaratibu wa Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, wenye kucheza, kuitikiana na kuwakumbuka wahenga.

Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yametangulia katika jambo hili, maana msingi wao ulikuwa kila mtu asome Biblia kwa lugha yake. Katika nchi ya Wanandi, kazi hiyo ilifanywa na wamisionari wa Africa Inland Mission pamoja na wenyeji waliowafunza wamisionari hao lugha. Biblia nzima ya Kinandi ilichapishwa mwaka 1939, miaka kumi na mitatu kabla ya Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952. Wakipsigis, Wakeiyo na Watugen nao waliweza kuisoma. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 ndipo watu wa lahaja hizo walipoanza kujiita kwa jina moja, Kalenjin. Nalo jina hilo, kwa wasiojua, maana yake ni "nakuambia". Mtangazaji wa redio John Chemallan alilitumia kuwaita wasikilizaji wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Basi hawa ni watu waliojipa jina kutokana na tendo la kusema.

Hata hivyo, kuwa na kitabu katika lugha yako si sawa na kuwa na sauti yako. Kinandi ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha neno na neno. Zaidi ya hayo, toni huonyesha kazi ya nomino katika sentensi, ikatuambia nani ametenda na nani ametendwa. Sasa chukua lahani iliyotungwa Uingereza au Marekani katika karne ya 19, uyapachike maneno ya Kinandi humo. Lahani itapanda mahali ambapo lugha ilitaka kushuka, na itashuka mahali ambapo lugha ilitaka kupanda. Mwimbaji ataimba maneno ya kwao kwa matamshi ya kigeni. Atajua maana kwa sababu amekariri, au kwa sababu muktadha umemsaidia, lakini wimbo wenyewe haumsaidii kusema.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba amesalimika. Kiswahili hakina toni, bali kina mkazo, nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno moja mashuhuri, barabara, huvunja kanuni hiyo: mkazo ukikaa mahali pake pa kawaida tunapata njia ya magari, na ukitangulia silabi moja tunapata maana ya sawasawa. Lahani ya kigeni haijali mambo hayo. Yeyote aliyekulia kwenye vitabu vya nyimbo za tafsiri anajua jinsi neno linavyovutwa hapa na kukatwa pale ili lienee katika noti. Sisemi nyimbo hizo zitupwe. Zimewafariji wazee wetu vitandani na makaburini, na kwa sasa ni mali yetu. Nasema tu kwamba mtu aliyeimba nyimbo za tafsiri peke yake maisha yake yote hajapewa bado nafasi ya kumwimbia Mungu kama anavyosema.

Ndiyo sababu nawaheshimu watunzi. Kule Kapsabet wanamkumbuka Reuben Seroney, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa kanisa la Africa Inland na mtunzi wa nyimbo za ibada. Mwanawe, Jean-Marie Seroney, alikuja kuwa Naibu Spika wa Bunge, na mwaka 1975 akatiwa kizuizini kwa sababu ya kauli aliyoitoa akiwa kwenye kiti chake. Baba aliifungua midomo ya watu kanisani, na mwana akadai haki hiyo hiyo bungeni. Wala sioni ajabu kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika nyumba moja.

Mkalimani husimama upande gani?

Swali la pili ni nani anasema. Hapa pana jambo dogo ninaloliona mara nyingi katika ibada za kwetu, na ningependa msomaji alichunguze mwenyewe Jumapili ijayo. Akija mhubiri mgeni anayehubiri kwa Kiingereza, husimamishwa mkalimani kando yake atafsiri kwa Kiswahili au kwa Kinandi. Hakuna neno la mgeni linaloachwa lianguke chini. Lakini akisimama bibi wa miaka themanini kutoa ushuhuda wake kwa Kinandi, aghalabu hakuna mkalimani. Wanaoelewa wataelewa, wasioelewa wataangalia dari, vijana watacheza na simu zao, na kiongozi wa ibada ataangalia saa. Ukalimani unatoka mimbarini kwenda chini, ila hautoki chini kwenda mimbarini. Kwa utaratibu huo kanisa limekwisha kutangaza, bila kunena, ni nani anayestahili kusikika.

Na huyo bibi ana mengi ya kusema. Pengine aliona kwa macho yake jinsi injili ilivyoingia kijijini, na jinsi ndugu walivyotengana kwa sababu ya unyago na pombe. Pengine anayakumbuka maombi ambayo wazee walimwomba Asis alfajiri kabla ya kuwapo jengo lolote la mabati. Mashuhuda wa namna hiyo tunao wachache, na kila mwaka wanapungua.

Historia ya Ukristo wa Afrika Mashariki inaonyesha wazi kwamba uhai wa kanisa ulitoka mara nyingi kwa watu wa chini waliopewa, au waliojitwalia, nafasi ya kusema. Uamsho uliozuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, haukuletwa na mahubiri ya maaskofu. Uliletwa na mikutano ya ushirika ambamo mtu yeyote, mwanamke au mwanamume, msomi au asiyejua kusoma, aliweza kusimama na kusema Mungu amemtendea nini. Mpishi aliweza kumwambia daktari wa Kizungu makosa yake mbele ya watu. Katika enzi ya ukoloni, hilo halikuwa jambo dogo.

Wengine walipoona hawapewi nafasi ndani, walitoka nje. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Church Nineveh katika nchi ya Waluhya, na hadi leo waumini wake huonekana katika miji ya magharibi na Bonde la Ufa, wamevaa kanzu nyeupe, wanapiga ngoma na kuandamana barabarani na bendera zao. Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mnamo mwaka 1963, walihifadhi Kilatini katika ibada yao hata baada ya Wakatoliki wenyewe kuanza kukiacha. Mfano huu wa mwisho unatufundisha tusiwe wepesi wa kutoa hukumu. Lugha ya kigeni ikichukuliwa na watu kwa hiari yao, nayo yaweza kuwa chombo cha uhuru wao. Kinachohesabika ni nani aliyeichagua.

Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde iliyachanganya maombi na madai ya ardhi, na serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku mwaka 1948. Wakoloni walifahamu vyema kwamba mtu akijifunza kusema mbele ya Mungu bila woga, hatakawia kusema hivyo hivyo mbele ya mkuu wa wilaya.

Lakini yatupasa tuwe waangalifu. Ushuhuda nao huweza kugeuka kuwa gereza. Baada ya miaka mingi ulijipatia kiolezo chake: jina langu ni fulani, nilizaliwa katika dhambi, siku fulani nikaokoka, nawasalimu. Muumini aliyekuja na huzuni isiyoingia katika kiolezo hicho huimeza huzuni yake. Kuna na lile tendo la siku hizi la mhubiri kuwaamuru watu: mgeukie jirani yako umwambie hili, umwambie na lile. Kwa masikio ya mwanaisimu hilo ni jambo la ajabu sana. Midomo mia tano inatamka, ilhali msemaji ni mmoja tu. Jirani ameambiwa neno ambalo mwambiaji hakulitunga, wala pengine halisadiki. "Amina" inayotolewa kwa amri ni sawa na kura ya mlolongo: kila mtu anaonekana amesimama wapi, na hakuna anayejulikana anafikiri nini.

Kwa sababu hiyo naona uhuru wa kujieleza katika ibada unajumuisha pia uhuru wa kunyamaza. Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinamsimulia Hana, aliyeomba hekaluni midomo ikitikisika na sauti isisikike. Kuhani Eli akamdhania amelewa. Kuhani alikuwa amezoea namna moja ya maombi, na namna nyingine ilipotokea hakuitambua. Hana alijieleza, Eli akasikia, akambariki. Makasisi wetu wangefanya vyema kuyakumbuka yote mawili: jinsi kuhani alivyokosea, na jinsi alivyokubali kusahihishwa na mwanamke mnyonge.

Mimbari na woga

Swali la tatu ni zito kupita yote: mtu anaweza kusema nini? Wakazi wa Eldoret wana historia yao katika jambo hili, na ni wajibu wa walimu kuwasimulia vijana waliozaliwa baadaye.

Katika miaka ya 1980, nchi ikiwa chini ya chama kimoja, magazeti yaliogopa, bunge lilinyamaza, na wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu walitiwa kizuizini. Sehemu mojawapo iliyobaki na upenyo ilikuwa ibada. Askofu David Gitari alihubiri mwaka 1987 kutoka Kitabu cha Danieli, na wanasiasa wakakasirika mno. Sababu yake ni ya kiisimu. Mhubiri hakuhitaji kumtaja kiongozi yeyote wa Kenya. Alitaja falme za kale, mawaziri wenye hila na tundu la simba, nao wasikilizaji wakafumbua fumbo wenyewe. Mapokeo ya mafumbo tuliyorithi kwa mababu zetu yalikutana na Biblia, yakazaa lugha ambayo askari kanzu hakuweza kuinukuu vizuri katika hati ya mashtaka. Jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilisema waziwazi juu ya udanganyifu wa uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, likapigwa marufuku. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri Nairobi, akautazama mwanguko wa tawala za chama kimoja huko Ulaya ya Mashariki, akauliza habari za Afrika.

Katika mji wetu alikuwapo Askofu Alexander Kipsang Muge, aliyeongoza Dayosisi ya Eldoret ya Kanisa la Kianglikana tangu mwaka 1983. Alikuwa Mnandi, na alisema juu ya ufisadi, unyakuzi wa ardhi na njaa ya Pokot wakati ambapo wengi wa tabaka lake walitarajiwa kunyamaza kwa kuwa rais alikuwa Mkalenjin mwenzao. Mnamo Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya hadharani kwamba akithubutu kukanyaga Busia huenda asitoke salama. Muge alikwenda Busia, akaongoza ibada. Alipokuwa akirudi Eldoret tarehe 14 Agosti 1990, gari lake liligongana na lori, akafariki. Okondo alijiuzulu.

Sisimulii habari hii ili tumfanye Muge malaika. Alikuwa na ukali wake, na alitofautiana hata na maaskofu wenzake. Nasimulia kwa sababu inatuonyesha jinsi kauli ya madhabahuni inavyoweza kumgharimu msemaji. Yalikuwapo makanisa mengine yaliyochagua njia nyingine. Kanisa la Africa Inland, ambalo rais alikuwa muumini wake, lilijitoa katika Baraza la Makanisa mwaka 1986 wakati wa mzozo juu ya kura ya mlolongo. Waumini wa Cheptiret walioabudu katika makanisa hayo mbalimbali walisikia Jumapili moja injili mbili juu ya nchi moja.

Pale lugha ya mama inapomfungia jirani nje

Hadi hapa msomaji aweza kudhani kwamba dawa ni rahisi: mpe kila mtu lugha yake, umwache aseme. Laiti ingekuwa hivyo. Kutoka Cheptiret ukifuata barabara kuelekea Nakuru hufiki mbali kabla ya kuingia Burnt Forest, mahali ambapo majirani walichomeana nyumba mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliochoma na waliochomwa walikuwa watu wa nchi ya Kikristo, na yumkini walizijua nyimbo zile zile.

Mnamo Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande za kikabila, na kwamba kwa sababu hiyo walishindwa kuwakabili waliokosa. Ungamo hilo linaniambia jambo hili kama mwanaisimu: lugha ya mama humfungua msemaji, lakini yaweza kumfungia jirani nje. Katika ibada ya kabila moja, mhubiri aweza kusema juu ya majirani neno ambalo asingethubutu kulisema mbele yao. Hakuna wa kumjibu, kwa maana anayetajwa hayupo, au yupo na hafahamu. Uhuru wa namna hiyo ni uhuru wa msemaji pekee. Katiba yenyewe imekataa kuuita uhuru: Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Wala Kiswahili kisijione kitakatifu. Neno "madoadoa", walilotumia wanasiasa wa Bonde la Ufa kuwaita watu wa makabila mengine, ni neno safi la Kiswahili. Mama akiona madoadoa nguoni huyafua. Mwanasiasa aliposema yaondolewe, kila mtu alijua kinachotakiwa. Lugha haina dhambi wala haina wokovu ndani yake. Kinachoitakasa ni kuwapo kwa yule anayesemwa, naye awe na haki ya kujibu.

Siku hizo hizo za mwaka 2008, Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret aliufungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa maelfu ya waliofukuzwa makwao. Yeye alikuwa Mkalenjin. Wengi wa waliomkimbilia walikuwa Wakikuyu. Baadaye alitumia miaka mingi kuwakutanisha wazee wa pande zote, mara kundi dogo, mara kundi kubwa, hadi aliposhika mauti mwaka 2017. Waliohasimiana walipewa nafasi ya kusema machungu yao, kila mmoja masikioni mwa mwenzake. Mimi nayahesabu mazungumzo hayo kuwa ibada.

Yatupasayo kufanya

Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mkalimani ahamishwe. Kila kanisa lenye watu wa lugha zaidi ya moja liwe na vijana wawili au watatu waliofunzwa kutafsiri, nao wasimame kando ya mzee atoaye ushuhuda kama wanavyosimama kando ya mhubiri mgeni. Hapo Mkikuyu na Mluhya wa Cheptiret watasikia kile bibi wa Kinandi alichomwambia Mungu, naye atasikia chao. Si lazima lugha ya mama iondolewe ibadani ili jirani aingie. Lugha ya mama itatoa neno, na Kiswahili kitalibeba hadi kwa jirani.

Pili, wanafunzi wa isimu, fasihi na muziki waende kwa watunzi wazee na kinasa sauti. Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha Kilutheri cha Makumira karibu na Arusha, alikusanya pamoja na wanafunzi wake lahani za makabila ya Tanzania, zikavikwa maneno ya ibada ya Kiswahili, na mkusanyo wa Tumshangilie Mungu ukaimbwa kote. Kazi kama hiyo juu ya nyimbo za Kikalenjin, yenye kuzingatia toni, ingefaa tasnifu na ingefaa kanisa.

Tatu, mahubiri yapate majibu. Siku ya Pentekoste watu husifu muujiza wa lugha nyingi, nao ulikuwa muujiza wa masikio, kwa maana kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao. Lakini tunasahau lililofuata. Mahubiri ya kwanza ya Kanisa yalipokwisha, wasikilizaji waliuliza swali: tufanye nini? Petro akawajibu. Kanisa lisiloruhusu swali limeiacha desturi ya mwanzo kabisa. Ikiwa Jumapili haina nafasi, pawe na saa moja katikati ya juma ambapo muumini aweza kumuuliza mchungaji juu ya mahubiri yake, na juu ya hesabu za sadaka pia.

Nne, na hili ni la walimu. Shule zetu nyingi huanza siku kwa sala, na aghalabu ni mtoto yule yule hodari anayeitwa kuomba kwa Kiingereza alichokariri. Mwiteni na yule asiyejua Kiingereza, aombe kwa maneno yake. Mtoto aliyepata kusikilizwa na wenzake akizungumza na Mungu atapata ujasiri wa kumuuliza mwalimu swali, na akiwa mtu mzima atamuuliza diwani wake habari za barabara na za zahanati.

Sidai kwamba ibada ni darasa la uraia. Mwenye kuabudu anamwendea Mungu, na huko ndiko anakotaka kufika. Lakini Mungu wa Wakristo, kwa mujibu wa maandiko yao, huanza kwa kusema na kisha hungoja kujibiwa. Watu waliojiita "nakuambia" wasikubali kwenda kanisani miaka sabini na kurudi nyumbani kila Jumapili wakiwa wameambiwa tu.